Mtaa wa Mvua ya Gene Kelly

Treni kutoka katikati ya Los Angeles ilinishusha Culver City asubuhi, nikaifuata Washington Boulevard kwa miguu mpaka geti la studio. Siku hizi ni ya Sony. Zamani ilikuwa ya MGM, na hapa ndipo mcheza dansi wa filamu Gene Kelly alipofanyia kazi zake kubwa. Sikuwa nimewahi kufika California, na kilichonileta ni mtaa mmoja: ule anaouchezea dansi mvuani katika filamu ya Singin' in the Rain ya mwaka 1952.

Mtaa wenyewe haupo tena. Ulijengwa kwa ajili ya kupigia picha tu, ng'ambo ya Overland Avenue, kwenye kiwanja kilichoitwa Lot 2. Kiwanja kiliuzwa, majengo ya maonyesho yakavunjwa, na sasa watu wanaishi hapo. Nilipita mbele ya nyumba zao taratibu nikitazama kingo za njia, kwa maana dansi lile limetungwa kwa vitu vya namna hiyo hasa. Kelly anafunga mwavuli, anarukia nguzo ya taa, anasimama chini ya bomba la paa maji yamwagikie usoni. Kisha anakwenda mguu mmoja ukingoni, mwingine chini majini, akipanda na kushuka kwa mdundo. Anapoingia katikati ya barabara na kuuzungusha mwavuli, kamera inapaa na kurudi nyuma kumpa nafasi. Mwishowe anarukaruka madimbwini kama mtoto, mpaka polisi anamtokea.

Mcheza dansi mwingine mkubwa wa filamu, Fred Astaire, tulimzoea kwa suti ya jioni na kofia ndefu. Kelly, mzaliwa wa Pittsburgh mwaka 1912, alitaka dansi la mtu wa mtaani. Na alijua kwamba kamera haioni kama anavyoona mtu aliyekaa ukumbini, kwa hiyo akatunga kwa ajili ya kamera. Katika Cover Girl ya 1944 alicheza na taswira yake mwenyewe. Mwaka uliofuata, katika Anchors Aweigh, alicheza na Jerry, panya wa katuni. Mwaka 1949, yeye na mwongozaji mwenzake Stanley Donen waliwatoa mabaharia wa On the Town studioni na kuwapeleka New York yenyewe.

Hata mvua ile ya Singin' in the Rain ilikuwa kazi ya ufundi. Mtaa ulifunikwa maturubai mchana ili uonekane usiku, taa zikawekwa nyuma ya maji matone yapate kung'aa, na madimbwi yakachimbwa pale mguu utakapotua. Kelly mwenyewe alikuwa na homa kali. Alasiri presha ya maji ilishuka, kwa kuwa wakazi wa Culver City walikuwa wakimwagilia bustani zao.

Kiwanja kikuu cha studio bado kina yale majumba makubwa yasiyo na madirisha. Nikiwa mbele yake nilimfikiria zaidi Debbie Reynolds, aliyecheza na Kelly katika Singin' in the Rain. Alikuwa na miaka 19, hakusomea dansi, na Kelly alimsukuma bila huruma. Siku ya kupiga picha za dansi la Good Morning alimaliza miguu ikivuja damu. Ukali ule siutetei. Lakini tazama hatua zake kati ya Kelly na mwigizaji mwenzao Donald O'Connor: haachwi nyuma hata kidogo. Baadaye alisema filamu ile na kujifungua mtoto ndiyo mambo mawili magumu kuliko yote aliyoyapitia maishani.