Safari za Masika: Habari za Silanga, Nairobi

Mwezi wa Machi ukaribiapo kwisha, na mawingu yaanzapo kukusanyika juu ya vilima vya Ngong, watu wengi wakaao Nairobi huulizana swali moja: mwaka huu tutakwenda wapi? Shule hufungwa mwezi wa Aprili; sikukuu ya Pasaka nayo aghalabu huangukia karibu na siku hizo; na wazee walioko mashambani huleta habari kwamba ardhi imelainika na mikono ya kupanda inatakiwa. Basi karani huomba likizo yake, mwenye duka huhesabu akiba yake, na mizigo hufungwa. Lakini safari ya masika si sawa na safari ya kiangazi. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuchagua mahali kwa uzuri wake tu. Wakati wa masika yampasa kwanza ayafikirie maji ya namna mbili: yale yaliyo mbele yake njiani, na yale atakayoyaacha nyuma ya mlango wake.

Jambo hili huonekana wazi sana katika kijiji cha Silanga, ambacho ni kimoja cha vijiji vya Kibera. Jina la Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, maana askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, wakati miti ilipokuwa bado mingi. Silanga nalo ni neno la Wakamba kwa bwawa la maji. Na kwa kweli kijiji hiki kimekaa kando ya Bwawa la Nairobi. Mtu akishuka kutoka kwenye reli, upande wa Laini Saba, huona njia ikiteremka kuelekea kusini, nyumba za udongo na mabati zimebanana kulia na kushoto, na mfereji mdogo ukimfuata miguuni. Kadiri ashukavyo, mfereji hupanuka. Mwisho hufika bondeni, ambako maji ya mto Motoine huingia katika bwawa, na ng'ambo yake huonekana upande wa Lang'ata.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 ili kuwapatia watu wa mji maji, na kwa miaka mingi palikuwa na chama cha watu waliokuwa wakiendesha mashua za tanga juu yake kwa kujifurahisha. Siku hizi hapana mashua. Matope na taka zilizoletwa na maji zimelijaza, na magugu maji yameufunika uso wake, hata mgeni aweza kulidhani kuwa ni uwanda wa majani mabichi. Bwawa lililojaa matope halina nafasi ya kupokea maji mengi kama zamani. Kwa hiyo mvua inyeshapo kwa nguvu, maji yatelemkayo kutoka vijiji vya juu hukutana na maji ya mto, nayo yote hutafuta nafasi pale pale penye nyumba za watu. Vidaraja vya mbao huchukuliwa, mifereji iliyozibwa na taka hufurika, na maji ya vyoo huchanganyika na maji ya mvua.

Basi twaweza kuelewa kwa nini mtu wa Silanga hawezi kuchagua safari yake kama afanyavyo mtu akaaye kilimani. Mkakamega au Mluo akaaye Silanga ana nyumba mbili. Moja iko kwao, penye shamba lisilongoja. Mahindi yakikosa kupandwa mvua za kwanza zinapoanyesha, mavuno hupungua. Ya pili iko bondeni Nairobi, penye godoro, cherehani, vitabu vya watoto, na vyeti vyake vyote vya kazi. Mvua ile ile imwitayo nyumbani kupanda ndiyo itishayo kuingia katika chumba alichokifunga kwa kufuli. Hapo ndipo penye shida, na yafaa tuzitazame njia zake moja moja.

Aendaye magharibi hukutana kwanza na ukingo wa Bonde la Ufa, ambao una njia mbili za kuuteremka. Njia ya chini, ipitayo Maai Mahiu, ilijengwa na wafungwa wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, nao waliacha kanisa dogo karibu na mwisho wa mteremko. Ni njia ya kupendeza sana macho; lakini alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa huko juu, upande wa Kijabe, yalipasua kizuizi chao yakashuka kwa ghafula pamoja na mawe na miti, na zaidi ya watu 45 wakafa katika eneo la Maai Mahiu. Njia ya juu, ipitayo Limuru na Kinungi, ina ukungu mzito asubuhi na usiku, hivyo yataka mwendo wa pole. Lakini haipiti chini ya mteremko ule. Kwa hiyo katika masika, yafaa abiria aulize gari litapita njia gani kabla hajalipa nauli.

Zaidi ya hapo, nchi ya magharibi si moja. Vilima vya Kericho, Nandi na Vihiga hupata mvua nyingi, lakini maji hayakai juu yake, hushuka. Hushukia wapi? Hushukia uwanda wa Kano, ambako mto Nyando hufurika karibu na Ahero, na mto Nzoia huyapeleka mengine Budalang'i, ambako kuta za udongo zilizojengwa kuuzuia mto zimebomoka mara nyingi. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilipanda hata kufikia kimo cha mwaka 1964, ambacho watu walikuwa wakikitaja kama ajabu la zamani. Basi mwenye kwao Kano au Budalang'i yampasa apate habari kutoka kwa jamaa zake siku ile ile ya kuondoka, si juma lililopita. Na kwa kuwa mvua za huko mara nyingi hunyesha mchana na jioni, aondoke usiku wa manane au alfajiri ili afike kabla ya mawingu kufunga.

Aendaye mashariki, yaani Ukambani, ana nafuu moja. Huko mvua ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kutegemewa zaidi kwa kilimo, na masika aghalabu ni mafupi. Kwa hiyo kijana wa Kitui au Makueni akaaye Silanga akishindwa kwenda kwao Aprili, hajaukosa msimu mkubwa; aweza kuiweka likizo yake kwa ajili ya Oktoba. Lakini mito ya Ukambani ina hila. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu na ng'ombe wakivuka bila kulowa. Kisha mvua hunyesha milimani mbali, na maji hufika kwa ngurumo mahali ambapo halijaanguka hata tone moja. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua watu waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu karibu na Mwingi wakati maji yalikuwa yamefunika daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine walikuwa wamesimama ng'ambo wakitazama, wala hawakuweza kuwasaidia wote.

Wengi hutamani Pwani. Njia ya Mombasa ni nzuri, na reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, imepitishwa juu ya matuta na madaraja marefu. Lakini anayeitafuta bahari tulivu na jua asiende mwezi wa Mei, maana huo ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote huko Mombasa, na upepo wa kusi umekwisha kuanza, bahari imechafuka. Ni afadhali angoje, au aende Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Na aendaye Garissa au nchi ya mto Tana ajue kwamba barabara ya kule ilikatwa na maji mwezi wa Novemba 2023, na ikakatwa tena katika masika ya mwaka 2024. Watu waliojaribu kuvuka kwa mashua nao walipata ajali.

Yuko pia asiyeweza kwenda mbali, nasi tusimsahau. Mtu wa Silanga aweza kuwapeleka watoto wake safari ya siku moja na kurudi kabla ya mvua ya jioni. Kuna Uhuru Gardens kando ya barabara ya Lang'ata, mahali ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Kuna makumbusho ya reli karibu na stesheni ya Nairobi, na Makumbusho ya Taifa. Mbuga ya wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, nayo haiko mbali. Lakini katika masika udongo wake mweusi hunata kama gundi, na motakaa nyingi hukwama humo. Mtoto aliyetazama gari moshi la zamani na kuelezwa habari zake hakukosa safari.

Sasa turudi kwenye nyumba iliyofungwa. Katika masika ya mwaka 2024 karibu watu 300 walikufa Kenya nzima kwa sababu ya mafuriko. Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa ya Nairobi iliyoingiwa na maji. Serikali iliwaamuru watu wakaao karibu na mito na mabwawa wahame. Na shule, zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, hazikufunguliwa hata tarehe 13 Mei. Mtu aliyekuwa mbali siku hizo hakuweza hata kuinua godoro lake. Kwa hiyo kabla ya safari, mkaaji wa bondeni afanye mambo haya. Vyeti, vitambulisho na karatasi za shule avitie katika mfuko wa plastiki usiopenya maji, naye aviweke kwa ndugu au rafiki akaaye juu, kama vile Makina, au Kawangware, ikiwa rafiki huyo hakai karibu na mto, maana Kawangware pia kuna upande wa chini. Kitanda akiinue juu ya mawe. Mfereji wa mlangoni ausafishe pamoja na jirani zake, kwa sababu mfereji ukizibika kwa mmoja huwafurikia wote. Kisha ufunguo amwachie jirani anayemwamini, pamoja na namba yake ya simu.

Lakini lililo bora zaidi ni jamaa kugawanyika. Mke na watoto wadogo waende nyumbani, mahali pa juu, wakati shule zimefungwa. Mume abaki kulinda, au kinyume chake, kwa kadiri ya kazi zao. Gharama ya nauli ni moja, na nyumba zote mbili zina mtu.

Hapa tungependa kusema neno kwa wazee walioko mashambani, ambao wengi ni wasomaji wetu. Mwana wako akikuletea habari kwamba mwaka huu hatafika kupanda, akakutumia fedha za kumlipa kibarua, usimhesabu kuwa ameusahau udongo wa kwao. Yamkini amekaa macho usiku, taa mkononi, akiyatazama maji ya bwawa yakikaribia kizingiti. Kulinda mali kidogo aliyoipata kwa jasho, ambayo ndiyo iletayo karo na mbolea, ni kazi ya shamba vile vile. Na kama yeye anataka kuja lakini mto wa kwenu umefurika, uwe wa kwanza kumwambia angoje. Wazee wengine huona haya kumzuia mgeni. Lakini ni heri mwana afikaye amechelewa.

La mwisho ni kwa kila asafiriye, awe ametoka Silanga au penginepo. Maji yaendayo kwa nguvu, yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Na yenye kina cha sentimeta 60 huweza kuchukua motakaa nyingi. Kwa hiyo dereva akisema, "Tutavuka tu," abiria wana haki ya kukataa, na kushuka, na kungoja. Mito ya Kenya nyingi hupanda kwa haraka na hushuka kwa haraka. Mtu angojaye saa chache aghalabu huvuka. Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Achaguaye safari ya masika na aulize kwanza habari za maji, ya huko aendako na ya hapo atokapo. Akiisha kujibiwa, ndipo aulize habari za uzuri wa mahali.