Seva imezimwa, foleni bado inadai

Ukimya wote huu ni field. Nilipangiwa ofisi moja ya mjini (jina nalihifadhi), huku nalala kwa mamdogo Kimbiji. Daladala mpaka Feri, pantoni, halafu mguu. Anayekwambia Kimbiji nayo ni Dar, mwambie aende na kurudi siku tano mfululizo ndipo tuongee.

Sasa kazi yenyewe. Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Exchange 2016 na 2019 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi ile ikahamisha barua pepe zake na kuzima mashine za zamani, pamoja na seva iliyokuwa inatunza nakala ya kila barua. Kuzima ni dakika moja. Tatizo ni kwamba pale mlangoni ilibaki mashine ya Postfix, na hakuna aliyeiambia kwamba mwenzake amestaafu. Ndani yake kuna mpangilio wa nakala: kila barua inayopita, nakala moja iende kwenye anwani ya kutunzia. Basi ikawa inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ikikosa jibu, Postfix haikati tamaa haraka. Kwa mpangilio wake wa kawaida inarudia baada ya dakika kama tano, kisha inaongeza subira mpaka sekunde 4000, yaani zaidi kidogo ya saa nzima, na inaendelea hivyo kwa siku 5. Siku ya tano inachoka, inaitangaza barua kuwa imeshindikana na kumrudishia taarifa aliyeituma. Sio ofisi. Aliyeituma!

Hapo ndipo mamdogo alipoingia. Kantini ya ofisi ilitangaza inatafuta mtu wa kuleta samaki, nikamsukuma aombe. Siku tano baadaye simu yake ikaleta Kiingereza kirefu chenye anwani asiyoijua. Akanionyesha usiku, sauti ya chini kabisa: "Basi mwanangu, wamenikataa." Alikuwa ameshaanza kumwambia jirani yake aombe badala yake. Nikaisoma mara mbili. Barua yake ilikuwa imefika kwa mhusika siku ileile. Kilichoshindikana ni nakala tu. Kesho yake nikamuuliza mhusika, akasema anayo na bado hawajachagua. Lakini jiulizeni, ni wangapi waliopata Kiingereza kile na hawana mtu wa kuwasomea?

Nikaandika mailq, mistari ikashuka mpaka nikachoka kuitazama. Kaka wa IT anayenisimamia akasema futa zote, ni nakala tu. Amri yenyewe fupi mno, postsuper -d ALL, na haikuulizi mara mbili. Nikamwambia, "Shikamoo kaka, lakini ALL haichagui." Kwenye foleni hiyohiyo kulikuwa na barua halali zinazosubiri seva za watu wengine. Halafu hizo nakala sio takataka. Mfanyakazi akifuta ya kwake leo, kesho mteja akidai aliandika, ushahidi uko wapi? Zilizopita siku tano zilishatoka kwenye foleni, hizo hatuzipati tena humo. Zilizobaki zilikuwa bado mikononi mwetu. Na ingekuwa ofisi ya umma, kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, hufuti tu kwa sababu foleni inakera.

Alinitazama, akavuta kiti. Tukachagua barua ambazo anwani iliyobaki ni moja tu, ile ya kutunzia, tukazisimamisha kwa postsuper -h. Barua ikisimamishwa hivyo haiishi muda wake. Ila ukiiachia, umri wake wote unarudi: kama imepita siku tano na njia mpya ikagoma hata mara moja, inarudishwa kwa mwenyewe palepale. Kwa hiyo tukaielekeza anwani ileile kwenye seva mpya ya nakala, tukaachia barua moja, tukaifuata mpaka tukaiona imefika. Ya pili. Ya kumi. Ndipo tukaachia zote, na mimi nikasahau hata kula.

Mnadhani imeisha? Siku iliyofuata ikaonekana mashine ya kutoa kopi ghorofa ya chini bado inatuma karatasi ilizoskani kwa seva iliyozimwa, jina la zamani limeandikwa mle mle ndani na neno la siri halijulikani na mtu. Mhudumu anasema aliyelijua ameacha kazi. Mpaka naandika hapa tunahangaika nayo, na ripoti ya field natakiwa kuikabidhi Ijumaa. Mwenye ya mwaka jana anitumie niione mpangilio, jamani.