Mama wa Uvira anavyoiona Buja

Safari hii tunaandika juu ya Bujumbura, lakini kwa macho ya mtu ambaye si mkimbizi. Ni mama mmoja mfanyabiashara wa Uvira, jirani yetu wa zamani. Anavuka Kavimvira na Gatumba kuleta vitenge, na akirudi anabeba sabuni. Akifika Bwiza tunakaa naye na kumuuliza: Mama, hii nchi unaionaje?

Jibu lake ni lile lile: "Warundi ni sisi, ila wamepunguziwa sauti."

Na kweli, ziwa ni moja, mukeke ni ule ule, sombe wao wanaiita isombe. Lakini mambo madogo yanamshinda. Uvira hata dola inapokelewa. Hapa lazima ahesabu faranga za Burundi, mabunda kwa mabunda. Jumamosi moja asubuhi alienda soko la Ruvumera, kule Buyenzi, akakuta kumefungwa, watu wako kwenye kazi za jamii. Alikasirika! Saa mbili yeye amezoea kuwa ameshauza. Motari naye alimshusha mbali na katikati ya mji, maana Machi 2022 pikipiki na baiskeli zilikatazwa kuingia huko. Mzigo akaubeba kichwani.

Kinachomchanganya zaidi ni neno "ego". Anataja bei, mteja anajibu ego, ego, kwa upole, yeye anaanza kukunja kitenge, kumbe mteja anaondoka zake. Ego ni ndiyo, lakini mara nyingi ni "nimekusikia" tu. Sisi wenyewe ilituchukua muda kuielewa. Kwetu mtu akikataa bei unajua, na majirani wote wanajua.

Utulivu anausifu. Ati akilala hapa, analala kweli. Hapo ndipo tunaachana naye. Yeye ukimya anaupata siku mbili tatu, halafu anarudi nyumbani kupiga kelele zake. Sisi tumepunguza sauti kwa sababu tuko wageni. Tunaishi kwa kipande cha karatasi, na wa kambini hata kuja mjini ni kuomba kibali cha kutoka. Ukiongea kwenye basi kwa sauti ya Uvira, watu wanageuka. Hawatukani, hapana, wanageuka tu. Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, mkitaka kuandika kwamba kijana fulani "ametulia, amezoea", muulizeni kwanza kwao alikuwaje.

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na watu maelfu kwa maelfu wakavuka Rusizi kuja huku, mama alisimamisha biashara kwa muda. Aliporudi hakugusa habari ya vitenge. Aliuliza watoto, mmoja mmoja. Akamwita binti mdogo wa mwenzetu, aliyezaliwa hapa.

"Unatoka wapi, mama?"

"Bwiza, avenyu ya tano."

"Hapana, nauliza kwenu."

Mtoto akatutazama sisi kwanza, kisha akarudia namba ya avenyu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.