Siku Hazigandi, Hata Toronto

  Leo siandiki kuhusu viza wala ada. Naandika kuhusu jambo linaloleta ugomvi katika kila sherehe ya chama chetu kuliko hata siasa, nalo ni muziki. Tena si muziki wenyewe, ni lile swali linaloulizwa kila dijei akibadilisha wimbo: "Huyu naye siku hizi kawaje?"

Si mnajua inavyokuwa. Aliyekuja Kanada mwaka 2003 anataka Juma Nature na TMK Wanaume, na Mkenya wa rika lake anamtaka E-Sir, Mungu amrehemu. Aliyekuja 2011, kama mimi, anataka Diamond yule wa "Kamwambie" na "Mbagala". Aliyetua juzi Pearson na mabegi yake mawili anataka Zuchu na Marioo, na wala haelewi tunagombania nini. Kila mmoja anaapa kwamba muziki mzuri uliisha mwaka uleule alioondoka nyumbani. Jamani, ni bahati mbaya gani hii, muziki wa Afrika Mashariki nzima usubiri wewe upande ndege ndipo uharibike?

Mimi nimefikia kuamini kwamba sisi wa ughaibuni ni mashabiki wagumu kuliko walio nyumbani. Aliye Dar au Mombasa anausikia wimbo mpya kwenye daladala na matatu, saluni, kwa jirani, mpaka sikio linazoea bila kuombwa ruhusa. Sisi hatuna daladala. Tuna simu, na kwenye simu kila mtu anachagua anachokitaka. Ukishatoka kubeba boksi usiku, umesimama unasubiri basi la Finch na theluji inakupiga usoni, hutafuti kitu kipya. Unatafuta ule wimbo uliokuwa ukipigwa siku ulipoagwa. Hilo halina ubaya. Shida inaanza tunapomtaka msanii naye abaki pale pale kituoni akitungoja.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Baba na mama wote walikuwa watu wa Dokta Remmy Ongala. Kwa wadogo zangu ambao hamkumkuta: Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa ndiye roho ya Matimila. Aliimba kuhusu kifo, kuhusu umaskini, kuhusu watu wasio na wa kuwasemea. Wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi", wa kuhimiza kondomu wakati ukimwi unatumaliza, redio ya taifa iliukataa, lakini mtaani nani hakuujua? Akafika hadi studio za Real World za Peter Gabriel kule Uingereza, na albamu ya "Songs for the Poor Man" ikatoka mwaka 1989. Pale Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Wangapi wetu tuna kituo cha basi?

Basi, miaka yake ya mwisho, maradhi yakiwa yamemwandama, Remmy akaokoka. Akaacha dansi, akageukia nyimbo za Injili. Baba, ambaye zamani hakukosa kumfuata ukumbini, aliona kama rafiki yake kahama mtaa bila kuaga. Akabaki na kaseti zake za zamani, za Injili hakutaka hata kuzisikia. Mama akazinunua. Na si kwamba alizipenda zaidi, alisema wazi kabisa kwamba magitaa hayana tena ule utamu. Siku moja nikamuuliza, sasa mama kama hivyo unazinunua za nini? Akanijibu, "Mwanangu, huyu alituimbia wakati hatuna kitu. Leo anatafuta njia yake kwa Mungu wake, mimi nitaacha kumsikiliza kwa lipi?"

Remmy alifariki Desemba 2010. Kwetu siku ile zilipigwa zote, za dansi na za Injili, na wazee wangu wote wawili walilia. Lakini nilivyowaangalia, niliona mama anamlilia Remmy, na baba analilia ujana wake. Sisemi kwamba baba hakumpenda. Nasema mapenzi yake yalikuwa na tarehe.

Na hapa Toronto tuna kisa chetu wenyewe, cha K'naan. Alizaliwa Mogadishu, akaondoka na familia yake mwaka 1991 vita vilipopamba moto, wakapitia New York, wakaja kutulia Rexdale, kule kaskazini-magharibi mwa jiji hili hili. Albamu yake ya 2005, "The Dusty Foot Philosopher", ilimpa tuzo ya Juno ya rap mwaka 2006. Nina rafiki yangu Msomali, amekulia karibu na Dixon Road, ananiambia ile CD waliipiga mpaka ikachubuka. Mtu alikuwa anaisimulia Mogadishu kwenye redio ya Kanada, bila kuomba radhi.

Mwaka 2009 ikaja "Troubadour", na ndani yake "Wavin' Flag". Ule wimbo wa mwanzo kabisa, wanaoufahamu wanajua, ulikuwa wimbo wa mtu aliyetoka vitani. Mapema 2010 wanamuziki wa Kanada wakaurekodi upya kuchangia waathirika wa tetemeko la ardhi la Haiti. Coca-Cola nao wakauchukua kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, vita vikatoka, ikaingia sherehe. Wote tuliuimba, hata mimi niliuimba nikiwa bado Dar. Lakini rafiki yangu anasema, "Dunia nzima ilikuwa inaimba wimbo wetu, ila sisi wenyewe tulikuwa tumetolewa ndani."

Mwaka 2012 ikatoka "Country, God or the Girl", na rafiki yangu akagoma. Hakuinunua. Kisha Desemba mwaka huo huo K'naan mwenyewe akaandika makala katika New York Times. Hakulaumu mashabiki. Alieleza jinsi watu wa kampuni ya rekodi walivyomwonyesha kwamba redio za Marekani zinataka mambo mepesi, na jinsi yeye mwenyewe alivyoanza kujikata kalamu kabla hajakatwa: Fatima akawa Mary, Mohamed akawa Adam. Akasimulia na kisa cha mbweha aliyetaka kutembea kama nabii. Mwendo wa nabii hakuuweza, na alipotaka kurudia wake akakuta ameshausahau.

Tuliisoma pamoja ile makala, mimi nikiwa mwaka wa pili, kwenye chumba changu cha chini ya ardhi ambako dirisha linatazama miguu ya wapita njia. Nilidhani rafiki yangu atashangilia, si mnaona, tulisema! Hakushangilia. Alikaa kimya, halafu akasema, "Basi anajua." Wiki ile ile akaenda kuitafuta ile albamu aliyoigomea, akaisikiliza yote. Akaniambia nyingi hazimhusu, ila chache ni za mtu wake kabisa. Na mwaka 2024, K'naan alipoleta filamu aliyoiongoza, "Mother Mother", kwenye tamasha la filamu la Toronto, rafiki yangu alikuwa kwenye foleni. Muziki ulikuwa umekuwa filamu, naye bado yupo. Huyo ndiye shabiki ninayemzungumzia mimi.

Nieleweke vizuri. Mwenendo wa msanii nje ya kazi yake ni kesi nyingine, ina watu wake na mahakama zake. Hapa nazungumzia kazi. Na kwenye kazi, kuna mabadiliko ya mtu kukua na kuna mabadiliko ya mtu kujiuza, na ukiwa umekaa nje si rahisi kuyatofautisha. Mtazameni Profesa Jay. Mwaka 2001 alitoa "Machozi, Jasho na Damu", na katika "Ndiyo Mzee" akawacheka wanasiasa na ahadi zao mpaka mbavu zikauma. Mwaka 2015 akachaguliwa yeye mwenyewe kuwa mbunge wa Mikumi. Wapo waliosema kajigeuka. Wengine tukasema hapana, kaamua kwenda kuona kama inawezekana kuwa mbunge bila kuwa yule mzee wa kwenye wimbo.

Au Diamond. "Number One" alipoirudia na Davido mwaka 2014, washikaji wengi hapa walinuna kwamba mtoto wa Tandale kawa Mnigeria. Haya, mashairi yalipungua uzito, nakubali. Lakini mimi nakumbuka pia kwamba ndiyo mara ya kwanza Wanigeria wa chuoni kwetu kunisogelea na kuniuliza, huyu anayeimba Kiswahili ni nani? Upande wa pili kuna Ali Kiba, aliyekaa kimya mpaka watu wakamzika, kisha akarudi na "Mwana" mwaka huo huo wa 2014. Ukaanza ule wazimu wa Timu Diamond na Timu Kiba, kama Simba na Yanga vile. Huo nao si uaminifu, maana wa timu akisikia wimbo mbovu anapiga makofi. Mama yangu hakupiga makofi. Alisema magitaa yamepungua utamu, na bado akanunua kaseti.

Wangu mimi ni Lady Jaydee. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi ilipotoka "Machozi", na sikuwahi kusikia mwanamke wa Kitanzania akiimba RnB kwa Kiswahili chetu namna ile, bila kubana pua. Tangu hapo nimepita naye kote: akawa na bendi yake, akaja na hasira za 2013 kwenye "Joto Hasira", akaja na "Ndi Ndi Ndi" mwaka 2016. Kila hatua kuna mtu aliyenihakikishia kwamba amekwisha. Siyo kila wimbo wake naupenda, vipo ninavyoviruka. Lakini ana wimbo unaitwa "Siku Hazigandi", na kwa mtu anayeishi katika jiji ambalo kila kitu kinaganda kuanzia Desemba, hilo jina peke yake ni fundisho.

Kwa nini nang'ang'ania jambo hili? Kwa sababu halihusu wasanii peke yao. Mimi nilirudi Dar Desemba 2022, baada ya miaka 11, nauli na karatasi vilipokubali kwa pamoja. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mdogo wangu niliyemwacha darasa la nne alinipokea uwanjani ana ndevu. Mabasi ya mwendokasi yanapita nisipoyajua. Na mama, mama wa Remmy, nimemkuta jikoni anamsikiliza Zuchu! Nikamwambia, mama, hata wewe? Akacheka. Akasema huyu si binti wa Khadija Kopa, namsikia mama yake humo ndani.

Nao walikuwa wananitazama. Nilikuwa nimebadilika, bana. Naongea taratibu, nalala mapema, nauliza saa kamili ya kuondoka. Shangazi mmoja alisema mbele ya watu kwamba yule binti tuliyemsindikiza siye huyu. Mama akamjibu, "Ndiye. Mpe muda, utamsikia." Niliondoka mezani nikajifanya naenda kunawa.

Ndugu zangu, siku moja kila mmoja wetu atarudi, kwa likizo au kwa moja kwa moja, na atakuta nyumbani kumetoa albamu mpya bila kumuuliza. Atakuta na yeye mwenyewe si ule wimbo waliouzoea. Anayemkana msanii kwa sababu hafanani na mwaka 2011 anajizoeza vibaya kwa ajili ya siku hiyo. Wakenya wenzetu wanajua, Sauti Sol wa sauti nne na gitaa la "Lazizi" walibadilika mara ngapi hadi wakaagana na mashabiki Nairobi Novemba 2023? Waliokuwa nao hadi mwisho waliaga vizuri. Waliokata tamaa katikati hawakupata hata kuaga.

Mimi nina utaratibu wangu, auchukue anayetaka. Kazi mpya naisikiliza mara tatu nzima kabla sijasema neno, na moja ya hizo nikiwa natembea. Ikiwa mbaya nasema ni mbaya, tena kwa sauti. Naacha mlango wazi. Msanii wetu akija mjini nanunua tiketi, hata kama ni kiporo cha wiki nzima kitakachonilipia. Na kwenye sherehe zetu nawaomba viongozi wa chama: kila dijei akipiga moja ya zamani, apige na moja ya mwaka huu, wakongwe tukae kitini tuisikilize hadi mwisho.

Julai, Mungu akijalia, tukutane Woodbine Park kwenye Afrofest. Wageni, Afrofest ilianza 1989, na zamani ilikuwa Queen's Park kabla ya kuhamia Woodbine mwaka 2012. Mpaka leo wapo wanaonung'unika kwamba haikuwa hivi zamani. Mwaka hadi mwaka nawakuta pale pale, mbele ya jukwaa, wanacheza.

Wasalaam, na vaeni soksi nzito.