Kwa Baiskeli Kutoka Msitu wa Arabuko-Sokoke Hadi Mto Sabaki

Mtu atokaye Malindi kwenda Mombasa kwa barabara kuu ya lami huuona msitu wa Arabuko-Sokoke kuwa ni ukuta wa kijani tu upande wake wa kuume. Motakaa huenda mbio, na kabla abiria hajauliza jina la msitu, ukuta umekwisha. Lakini mwenye baiskeli aiachaye lami karibu na Gede, akashika njia za mchanga na changarawe zielekeazo bonde la mto Sabaki, huona kwa siku moja mambo ambayo mwenye motakaa huenda asiyaone kwa miaka.

Siku hizi wako watu wengi duniani wapendao kuendesha baiskeli katika njia zisizo na lami. Baiskeli zao zina usukani uliopinda kama zile za mashindano, ila mipira yake ni mipana zaidi, isije ikazama mchangani wala kupasuliwa na mawe. Huko Maasai Mara mashindano ya namna hiyo yalianzishwa mwaka 2021, na washindanaji husafiri siku nne. Hata hivyo jambo hili si geni kwa watu wa Pwani. Tangu zamani mkulima wa Kilifi amepita njia hizo hizo juu ya baiskeli nzito iitwayo Black Mamba, akichukua madumu ya maji, nazi, au gunia la makaa. Mmoja huenda kwa starehe na mwingine kwa riziki, na njia ni moja.

Gede, mahali pa kuanzia safari, pako kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Hapo pana magofu ya mji wa kale wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima, uliohamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 magofu hayo yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miti imeota ndani ya vyumba vya mawe, nayo humkumbusha mgeni kwamba msitu haukosi kurudi pale mwanadamu aondokapo.

Msitu wenyewe una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni iliufanya msitu wa Taji mwaka 1932. Aingiaye kutoka upande wa bahari hukuta kwanza msitu wa miti mchanganyiko, ambamo mbambakofi, mti uliopendwa sana na maseremala wa milango, bado wapatikana. Baadaye udongo hugeuka kuwa mchanga mweupe, na hapo imesimama mirihi iliyoachana, jua likipenya katikati yake. Hapa magurudumu huzama, na mara nyingi mwendeshaji hushuka akasukuma. Mwishowe, upande wa kaskazini-magharibi ambako mvua ni chache, udongo huwa mwekundu na miti huwa mifupi, imesongamana hata mtu hawezi kupita nje ya njia.

Humo mnaishi viumbe wasioonekana kwingi duniani. Yuko bundi mdogo wa Sokoke, aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1965, ambaye nje ya msitu huu hupatikana chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, Tanzania. Yuko pia mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, matako yake yana rangi ya dhahabu, naye hukimbia kwa kurukaruka juu ya majani makavu. Ndovu wako vilevile. Kwa hiyo mgeni yampasa apate ruhusa kwanza katika kituo cha msitu, afuatane na kiongozi aijuaye njia, achukue maji ya kutosha, pampu na viraka, wala asipite njiani wakati wa giza.

Baada ya msitu njia hufika Jilore, na kutoka huko huteremka bondeni kwa Sabaki. Mto huu huanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupokea maji ya Tsavo ukaitwa Galana, na hufika baharini kaskazini ya Malindi kwa jina la Sabaki. Kandokando yake yako mashamba ya mahindi, na majini wamo viboko na mamba.

Bonde hili lilipiganiwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza iliwaamuru waliokaa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wahame, waiache ardhi yao yenye rutuba. Vita vikatokea, watu wakauawa, nyumba zikachomwa moto. Miaka michache ilipita kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Mwendeshaji apumzikaye ukingoni, akiyatazama mashamba ya pande zote mbili, hana haja ya kuuliza kwa nini watu walikubali kufa kwa ajili yake.

Wakati wa masika maji ya Sabaki huwa mekundu kama matofali, na bahari ya Malindi hugeuka rangi. Ule ni udongo wa mashamba ya bara, uliochukuliwa na mvua mahali palipokatwa miti. Aliyetoka msituni asubuhi ile ile ameona mvua ikizama polepole chini ya majani. Jioni aona mazao ya nchi iliyovuliwa nguo.

Lakini ni rahisi kumwambia mtu asikate mti. Ni vigumu kumwambia watoto wake wale nini. Watu wengi wa kando ya msitu walitamani zamani ukatwe wapate mashamba, kwani ndovu walikula mazao yao na msitu haukuwapa kitu. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo Gede mpango uitwao Kipepeo. Wakulima hufuga vipepeo wa msituni, na kuwauza nchi za ng'ambo wakiwa bado wamelala ndani ya maganda yao. Tangu hapo wako watu waulindao msitu kwa sababu ndio shamba lao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 nayo iliwapa wenyeji nafasi ya kuunda vyama na kushiriki katika utunzaji.

Basi waendeshao baiskeli nao wanaweza kuongeza haba yao. Akodishaye kiongozi wa kijijini, akanunua madafu njiani na kula chakula Jilore, huwaachia wenyeji sababu moja zaidi ya kuuacha mrihi usimame. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Apitaye upesi ndani ya motakaa huacha vumbi tu.