Kutoka Koboko Hadi Kampala: Kuhama au Kubaki?

Jua linapotua nyuma ya vilima vya Kongo, kituo cha mabasi cha Arua huchangamka kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Magunia ya muhogo mkavu, madumu ya asali na vifurushi vya samaki wakavu hutiwa katika tumbo la basi. Akina mama hukaza vitenge vyao, na watoto hulala wangali wamevaa viatu. Mbele yao ipo safari ya kilomita zipatazo 500: Nebbi, daraja la Pakwach juu ya mto Nile, Karuma, nyanda za Luwero, na alfajiri Kampala. Wamo waendao hospitali, na wamo wafanya biashara watakaonunua mali na kurudi kesho kutwa. Lakini hawakosi pia wawili watatu waliobeba godoro. Hao ndio wahamaji, na shauri lao ndilo linalozungumzwa usiku katika nyumba nyingi za Arua na Koboko: je, jamaa nzima ihamie mji mkuu, au ibaki?

Arua si mahali pa kukimbiwa. Mji umekaa juu ya uwanda ulioinuka mita zipatazo 1,200, hewa yake ni nzuri, na tangu tarehe 1 Julai 2020 umepewa cheo cha jiji. Koboko iko upande wa kaskazini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, karibu na mahali panapoitwa Saliya Musala ambapo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini hukutana. Sokoni Koboko mnunuzi husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili katika safu moja ya wauza vitunguu, na mwenye duka hodari hujua bei ya shilingi, ya pauni ya Sudani Kusini na ya faranga ya Kongo kabla hajanywa chai. Kiswahili huko hakikuletwa na darasa. Kililetwa na askari wa King's African Rifles na wake zao, kikabaki sokoni na kambini. Leo mtoto wa koplo aliyezaliwa Arua hukisema bila kufikiri, ilhali huko Kampala atalazimika kujifunza Kiganda ili apate kununua nyanya kwa bei ya haki.

Nchi hii imezoea habari za kuhama kwa namna ya ajabu. Mwaka 1894 iliingizwa katika eneo la Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji; Leopold alipofariki Desemba 1909 ilifuata kupewa Sudani, mwaka 1910; na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda. Basi mzee aliyezaliwa hapo mwanzo wa karne ile aliishi chini ya tawala tatu bila kukihamisha chungu chake jikoni.

Wanawe ndio waliohama. Tangu miaka ya 1920 vijana wa West Nile walikwenda kwa mkataba kukata miwa na kulima katika mashamba ya Buganda na Busoga, wengine wakaingia jeshini na polisi. Wengi walikwenda wakiijua siku ya kurudi, na mke alibaki akilima. Kuhama kwa mwaka 1979 na 1980 kulikuwa kwa namna nyingine: serikali ya Idi Amin ilikuwa imeanguka, vita vikafika, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Zaire na Sudani. Waliporejea, kidogo kidogo katika miaka ya 1980, wengi walikuta nyumba zimeteketea na ng'ombe wametoweka. Kilichobaki ni ardhi ya ukoo. Ndiyo maana hata leo mzee wa Koboko akiambiwa kwamba mwanawe anataka kuhama na mke na watoto, swali lake la kwanza halihusu mshahara. Huuliza, "Shamba umemwachia nani?"

Kampala haimpokei mtu wa West Nile kama mgeni kabisa. Katikati ya mji lipo eneo liitwalo Arua Park, lenye maduka ya jumla na mabasi ya kwenda kaskazini, ambako mtu wa Koboko aweza kumpata binamu kabla hajapata chai. Lakini binamu hana chumba cha ziada. Familia hupanga chumba kimoja, ambacho Waganda hukiita muzigo, na aghalabu mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Chumba cha bei nafuu huwa mbali na kazi, basi akiba yote huliwa na nauli. Au huwa bondeni, kama Bwaise, ambako mvua kubwa huingiza maji mpaka chini ya kitanda.

Hesabu ya jikoni ndiyo humshangaza zaidi mama wa nyumbani. Huko Arua unga wa muhogo na mtama hutoka ghalani, majani ya kunde hutoka nyuma ya nyumba, ufuta hupondwa kwa mikono, na kuni huokotwa. Kampala kila kimoja kati ya hivyo hudai shilingi, hata maji ya jerikeni. Makaa hupimwa kwa kopo, na tangu amri ya Rais ya Mei 2023 kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara huko kaskazini, njia ya bidhaa hiyo imekuwa nyembamba. Askari aliyekuwa akimpelekea mkewe fedha ya chumvi, sabuni na ada ya shule, akimhamisha, hugundua kuwa mshahara ule ule sasa unanunua pia mboga iliyokuwa ikiota bure.

Kwa familia za askari lipo jambo jingine ambalo halisemwi waziwazi. Anayepangiwa Naguru au Nsambya huona kwamba nyumba ya kambi, hata ikiwa ni ile ya bati ya duara, inamwondolea kodi. Ni kweli. Lakini nyumba ile ni ya kazi, wala si ya jamaa. Uhamisho ukija, huachwa. Kustaafu kukija, huachwa. Na baba akifariki, mjane hufunga virago akiwa bado katika matanga. Mjane aliyeacha shamba lake Koboko likilimwa na shemeji yake anapo pa kwenda. Yule aliyekaa Kampala miaka kumi na mitano bila hata kupanda mwembe nyumbani huweza kukuta mpaka wa shamba umesogea, na mashahidi wake wamekwisha zikwa.

Hata hivyo si haki kumwambia kila mke abaki. Nyumba mbili ni vyungu viwili, na mume aliyeachwa peke yake mjini mara nyingine hujipatia mpishi asiyetajwa katika barua. Watoto hukua wakimjua baba kwa sauti ya simu. Tena ipo haja isiyojadiliwa: mwenye saratani aghalabu huelekezwa Mulago, na matibabu ya miezi hayafuatwi kwa basi la usiku. Fundi hodari wa mitambo naye aweza kupata Kampala malipo ambayo Arua haijaweza kuyatoa.

Ila sababu kadhaa za zamani zimepungua nguvu. Tangu mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Muni, jirani na mji wa Arua, hupokea wanafunzi ambao zamani wangelazimika kwenda Makerere au mbali zaidi. Barabara ya lami ya kilomita 92 hutoka Vurra mpakani mwa Kongo, hupita Arua na Koboko, na kufika Oraba mpakani mwa Sudani Kusini. Umeme, ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak, uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024. Mwenye mashine ya kuchomelea vyuma au friji ya samaki hana tena haja ya kufuata waya hadi Kampala.

Lakini ughali nao umejua njia ya kaskazini. Tangu vita vya Sudani Kusini vya 2013 na 2016 familia nyingi kutoka ng'ambo zimepanga nyumba Koboko na Arua, na mwenye kiwanja karibu na barabara hakiuzi tena kwa bei ya kirafiki. Askari kijana anayefikiri atajenga "baadaye" huenda akaona kwamba baadaye hiyo imekwisha kuuzwa.

Asubuhi mabasi yaliyotoka Kampala usiku huingia Arua yakiwa na vumbi. Hushuka wanafunzi wenye masanduku ya bati, wachuuzi, na mara moja moja mama mwenye godoro lililofungwa kwa kamba, watoto watatu nyuma yake wakizungumza Kiganda. Shangazi aliyekuja kumpokea humtwika mdogo mgongoni. Mama hasemi habari za Kampala. Huuliza kama mvua ya kwanza imekwisha nyesha, na kama jembe lake bado lipo.