Magazeti Ndani ya Viatu

Harufu ndiyo iliyonikumbusha. Siku nne kabla yake nilikuwa nimerudi kwa baiskeli kutoka Migambo, viatu vimebeba udongo kuanzia soli mpaka kwenye kamba. Mvua ilinikuta ndani ya msitu wa Magamba, ile mvua ya masika ya Usambara isiyo na radi wala haraka, inayoanza kama ukungu na kuishia kukulowesha hadi kwenye mfupa. Njia ikawa utelezi mtupu. Nilishuka, nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena. Nilipofika nyumbani Lushoto nilivimwagia viatu ndoo mbili za maji, nikavisugua mpaka rangi yake ikarudi, nikavisukumia chini ya kitanda cha chumba cha wageni vikiwa bado vibichi, nikaenda kuoga. Siku ya nne chumba kile hakikuingilika.

Safari ile nilikuwa peke yangu. Kwa miaka mingi mwenzangu wa baiskeli alikuwa kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, karibu mita 1,000 za kupanda, bila kuweka mguu chini. Alinishika bega pale kabla ya Soni, mahali ambapo nilikuwa nakata tamaa kila mara, akaniambia nihesabu pumzi na nisiitazame barabara ya juu. Kisha baba akafariki, tukagombana kuhusu shamba. Nani alikosea sitaeleza hapa. Wazee walituita kwenye kikao, tukaombana radhi mbele yao, tukapeana mikono, tukala sahani moja. Kila aliyekuwepo akasema yamekwisha. Mwaka mzima ukapita hatujapanda baiskeli pamoja, na nikimpigia simu tulikuwa tunaongea kama watu wawili waliokutana stendi.

Viatu vile nilivipeleka kwa fundi viatu, mzee mmoja anayekaa karibu na soko. Nilikuwa na sababu ya kuogopa kuvitibu mwenyewe. Jozi iliyotangulia niliikausha kando ya jiko la mkaa ili niivae asubuhi, na asubuhi soli ya mguu wa kulia ikawa imebanduka nusu, sponji imesinyaa, ngozi ya bandia imekakamaa kama ganda la muhogo. Gundi ya viatu hulegea kwa joto. Jua la saa saba nalo hufanya kazi hiyohiyo, ila polepole zaidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeviosha hivi?"

"Nimeviosha."

"Na kukausha?"

Nilisema nimeviacha vikauke. Hakunijibu. Aliingiza vidole viwili ndani ya kiatu, akaichomoa soli ya ndani, akaikamua. Maji yakatoka. Siku nne baadaye, kiatu ambacho kwa nje kilikuwa kikavu kabisa, maji yakamdondokea mapajani. Kisha akanionyesha pale chini ilipokuwa imelala ile soli ya ndani: udongo laini kama uji, na utando mweupe umeanza kuota pembeni.

"Kuosha kila mtu anajua," alisema, akanirudishia.

Siku ile nilianza kujifunza, na nilichojifunza kwanza ni kwamba harufu ile haikutoka kwenye matope. Udongo wetu mwekundu wa milimani ni mfinyanzi uliojaa chuma kilichoshika kutu, ndiyo rangi yake. Utachafua soksi zisitakate tena, lakini haunuki hivyo. Hata jasho, linapotoka tu mwilini, karibu halina harufu. Kinachonuka ni kazi ya bakteria. Wanaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, na wakipata giza, joto na unyevu pamoja hula jasho na ngozi iliyokufa, kisha huacha nyuma asidi, mojawapo ikiitwa asidi ya isovaleriki. Kiatu kibichi chini ya kitanda kinawapa yote matatu. Maji yangu ya ndoo mbili, yale niliyodhani yamemaliza kazi, ndiyo yaliyowakamilishia karamu.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na naomba anayeendesha baiskeli kwenye matope asinione namchosha. Nikifika tu, kabla ya chai, nagonganisha viatu soli kwa soli ili matope mazito yadondoke. Mfinyanzi ukishakauka kwenye meno ya soli unakuwa tofali. Natoa kamba. Natoa soli ya ndani, kila mara, hata nikiwa nimechoka kiasi gani. Navuta ulimi wa kiatu mbele kabisa mpaka kiatu kifunuke. Kisha maji ya baridi, mswaki uliochakaa na mche wa sabuni. Maji ya moto hapana, kwa sababu ya gundi, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hapana pia, inakula rangi na nyuzi. Mashine ya presha ya kuoshea magari inatamanisha, ila inayasukuma maji hadi mahali ambapo hayatatoka wiki nzima. Viatu vyangu vina chini yake kile kipande cha chuma kinachonasa kwenye pedali, kimeshikwa na skrubu mbili, na pale ndipo maji hupenyea. Mara moja katika msimu nazifungua zile skrubu kwa ufunguo wa milimita 4, nazifuta, nazipaka grisi. Asiyefanya hivyo ataikuta kutu imezifunga moja kwa moja.

Hapo kuosha kumekwisha. Dakika 15, pengine 20. Kukausha ni siku mbili, na katika masika ya Lushoto, ambako hata chumvi mezani hulowana, ni siku tatu.

Dawa yake ni magazeti. Karatasi ya gazeti haina ule ung'avu wa jarida, nyuzi zake ziko wazi, zinafyonza. Unaikunja ovyo, unaisukuma mpaka kwenye vidole, unajaza kisigino, bila kuishindilia sana maana hewa nayo inataka njia. Baada ya saa moja unaitoa: imelowa chapachapa. Unaweka nyingine. Baada ya saa tatu hivi unabadilisha tena, na kabla ya kulala tena. Karatasi mbichi ikiachwa mle ndani hairudishi maji hewani, inayatunza, na ukiisahau umelirudisha giza lilelile. Viatu vinakaa barazani, kivulini, vimeinuliwa ili upepo upite chini. Upepo ni bora kuliko joto. Vikishakauka namwaga kijiko cha bekingi soda ndani usiku kucha, inazimua zile asidi, asubuhi naikung'uta.

Jambo lililonishangaza nilipoanza ni kwamba karatasi ya tatu hutoka na maji wakati kiatu ukikishika unaapa kimekauka. Maji ya juu huondoka kwanza. Yale ya ndani ya sponji yana safari, yanasogea taratibu kuelekea pale palipokauka, na hakuna namna ya kuyaharakisha bila kuharibu kitu kingine. Jioni moja nilikuwa nimechuchumaa barazani na karatasi ya tatu mkononi, imelowa, nikamfikiria kaka yangu.

Kikao kile cha wazee kilikuwa ndoo za maji. Nasema hivi bila kuwadharau wazee. Walifanya kazi yao, na bila wao tungekuwa hatusalimiani hata leo. Lakini sisi wawili tulitoka pale tukiwa wabichi, tukajisukumia kila mmoja chini ya kitanda chake. Na niliwahi kulijaribu jiko pia. Miezi mitatu baada ya kikao nilimpigia usiku nikamtaka aseme yote yaliyo moyoni, papo hapo, tumalize. Akakata simu. Hatukuongea mpaka Idi.

Nikaanza kuteremka Mombo, anakoishi kaka, kila wiki ya pili, kwa basi, bila ajenda. Mara ya kwanza tuliongea juu ya maharage na bei ya mbolea, saa nzima, nikarudi nikidhani nimepoteza nauli. Mara ya pili nilimwambia habari za miguu na mbu, kwa kuwa Mombo ni chini, kuna joto, na mbu ni jambo la kila usiku. Nilimweleza kwamba mtafiti Mholanzi, Bart Knols, alionyesha katika miaka ya 1990 kuwa mbu wa malaria huvutwa na jibini ya Limburger, inayoiva kwa bakteria walio ndugu wa wale wa miguuni mwetu, na kwamba wanasayansi wa Ifakara, hapahapa Tanzania, Fredros Okumu akiwa miongoni mwao, walitengeneza mchanganyiko unaoiga harufu ya binadamu ili kuwanasa mbu nje ya nyumba. Kaka akacheka, akaniuliza kama viatu vyangu vya Migambo visingetosha. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu msiba.

Mara ya tano, au ya sita, tulikuwa tumekaa nje, umeme umekatika. Akaanza kuongea mwenyewe. Usiku ule baba anafariki alikuwa peke yake naye hospitalini. Mimi nilikuwa njiani, nilifika asubuhi. Alimshika mkono baba kuanzia saa nne mpaka saa tisa usiku. Alinisubiri nimuulize ilikuwaje. Mwaka mzima na zaidi sikumuuliza hata mara moja, nilimuuliza juu ya mipaka ya shamba. Shamba halikuwa kitu. Hilo ndilo lililokuwa limelala chini ya soli ya ndani, na hakuna kikao ambacho kingelifikia, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua kama lipo.

Nikamuuliza. Akaniambia yote, mpaka rangi ya shuka.

Vuli iliyofuata alipanda Lushoto na baiskeli yake juu ya basi. Tulikwenda Irente, tukasimama pale kwenye jabali ambapo nchi yote ya chini inaonekana, Mazinde na mashamba ya mkonge, mpaka nyika inapopotelea kwenye ukungu. Mvua ikatukuta wakati wa kurudi. Tulifika matope hadi magotini. Tukavigonganisha viatu, tukaviosha, jozi mbili kando kando barazani, na nikampa gazeti. Alilichana katikati, akasoma kidogo habari za mpira za miezi miwili iliyopita, akaanza kujaza.

"Unabadilisha mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu leo. Ya mwisho kabla ya kulala. Na kesho tena."

Alilala chumba cha wageni. Usiku sana nikasikia komeo la mlango wa baraza, kisha karatasi zinakunjwa, taratibu, viatu vyake kwanza, halafu vyangu.